TBP ya hamira inayouzwa tayari: nzuri kwa jeli, ukijua tabia zake

Bidhaa yenyewe ni TBP kamili (protini inayoshika sanduku la TATA, kipande cha DNA kilicho karibu na mwanzo wa baadhi ya jeni) ya hamira, Saccharomyces cerevisiae: zao la jeni SPT15, asidi amino 240, iliyozalishwa ndani ya E. coli na kuwekewa mkia wa histidini 6 upande wa N, yaani mwanzo wa mnyororo wa protini. Huuzwa kwa mikrogramu 50 au 100, ama ya majimaji yenye gliseroli asilimia 50, ama unga uliokaushwa kwa baridi. Kwa anayepima jinsi protini hii inavyoshika sanduku la TATA kwenye jeli (DNA iliyoshikwa husogea polepole na kuonyesha mkanda wake), ni ununuzi mzuri. Kwa anayetaka kukuza fuwele au kunasa protini wenza, haifai. Kazi hizo hula miligramu, na ni nafuu kuizalisha mwenyewe.

Mkia umewekwa panapostahili. Kazi ya kushika DNA iko kwenye asidi amino 180 za mwisho, na hamira huishi hata zile 60 za mwanzo zikiondolewa. Ukiona katalogi inaweka mkia upande wa C (mwisho wa mnyororo), dai kwanza picha ya jeli inayoonyesha protini ikishika DNA.

Lebo hutaja usafi wa zaidi ya asilimia 85 kwa SDS-PAGE (jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa). Jeli hiyo huonyesha protini nyingine zilizobaki, wala haisemi lolote kuhusu DNA ya bakteria ambayo TBP huondoka nayo. Pima ufyonzaji wa mwanga wa nanomita 260 dhidi ya 280 (DNA hufyonza zaidi ule wa 260), ukisawazisha mashine kwa bafa ileile: protini safi hutoa takriban 0.6. Ukipata 1 au zaidi, umeuziwa TBP ambayo sehemu yake tayari imeshashika kitu kingine. Kisha tafuta kiasi kilicho hai. Weka kipande cha TATA kwa nanomola 100, ongeza TBP hatua kwa hatua. DNA ikiisha kushikwa pale TBP inapofika nanomola 300, basi ni theluthi moja tu inayofanya kazi. Hesabu zote zinazofuata zitumie namba hiyo, si ya lebo.

Mikrogramu 50 ni nyingi kuliko zinavyoonekana. Jaribio la mikrolita 20 lenye TBP nanomola 10 hutumia takriban nanogramu 6 tu. Kwa hiyo usinunue chupa kubwa. Kinachoua bidhaa hii ni kugandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara, pamoja na kuchovya pipeti kila siku kwenye chupa ileile.

Mchanganyiko unaofanya kazi: Tris milimola 20 ya pH 7.9, kloridi ya potasiamu milimola 60 hadi 100, kloridi ya magnesiamu milimola 5, DTT (huzuia protini kuoksidika) milimola 1, gliseroli asilimia 10, na BSA (albumini ya ng'ombe) mikrogramu 100 kwa mililita. BSA usiiache. TBP iliyozimuliwa hunata kwenye plastiki, na nusu yake inaweza kupotea kabla haijafika kwenye DNA. Chupa mama isizimuliwe kwa maji wala bafa isiyo na chumvi, maana protini hii hujikusanya na kuzama chini. DNA iwe nanomola 1, yenye TATAAAAG. Ya kulinganishia iwe na TGTAAA, ambayo TBP ya kawaida haiishiki. Subiri dakika 30 kwenye nyuzi 25 hadi 30. Dakika 5 hazitoshi: TBP hukaa ikiwa imeungana mbilimbili na huachana polepole, halafu inapaswa kuipinda DNA kwa takriban digrii 80.

Malalamiko mengi ya kwamba bidhaa "imekufa" hutokana na mambo mawili. La kwanza ni poli(dI-dC), DNA bandia ya kunasa protini zisizotakiwa, ambayo watu huiweka kwa mazoea. TBP huingia kwenye mfereji mdogo wa DNA, na humo jozi ya I na C hufanana sana na A na T. Kwa hiyo unailisha TBP yako chambo. Tumia poli(dG-dC). La pili ni kuendesha jeli kwa TBE (bafa ya Tris, borati na EDTA). EDTA huinyang'anya magnesiamu na mkanda unageuka ukungu. Tumia Tris-glisini yenye magnesiamu milimola 2 hadi 5, ndani ya jeli na kwenye bafa ya kuendeshea, na isipate moto. Mkanda ukibaki hafifu, ongeza TFIIA ya hamira, protini msaidizi ya TBP, yaani Toa1 pamoja na Toa2. Hukaza muungano kwa namna inayoonekana wazi.

Wapo wanaoiagiza wakitarajia kuanzisha unukuzi (kunakili DNA kuwa RNA) kwenye bomba. TBP peke yake haitoshi. Utahitaji polimerasi II, kimeng'enya kinachonakili, na protini wenza wake TFIIB, F, E na H.

Ikija ya majimaji, igawe mikrolita 5 kila kichupa siku ileile, uhifadhi nyuzi −80. Kichupa cha wiki kikae −20, ambako gliseroli asilimia 50 haigandi, ila si kwenye friza inayojiyeyusha barafu yenyewe. Kwa maabara za Nairobi au Dar es Salaam, ambako kifurushi kinaweza kukaa uwanja wa ndege hadi barafu kavu iishe, unga uliokaushwa ni salama zaidi. Zungusha chupa kwenye sentrifuji kabla ya kuifungua, kwa kuwa unga hukwama kwenye kifuniko.