Ajrakh ya Ajrakhpur, Kachchh: inastahili bei yake, ila ikague kabla ya kulipa

Maduka ya Bhuj, makao makuu ya wilaya ya Kachchh katika jimbo la Gujarat, yamejaa vitambaa vya nyota na maua vyenye rangi ya nili na wekundu ulioiva. Wauzaji huviita vyote ajrakh, lakini vingi vimechapwa kwa fremu kiwandani. Ajrakh ya kweli hupigwa kwa vibao vya mbao, na hutoka kwa mafundi wa jamii ya Khatri walioko Ajrakhpur, kama kilomita 15 mashariki mwa Bhuj, na Dhamadka, mbele zaidi upande wa Bhachau. Hapa tunapima ya Ajrakhpur: mitandio, shuka na kitambaa cha pamba cha kukatwa kwa mita. Ni kitambaa kizuri sana, na bei yake kubwa ina sababu, mradi ukipate chenyewe.

Sababu ya kwanza ni maji. Kachchh ndiyo wilaya kubwa kuliko zote India, kilomita za mraba 45,674, ila sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni Rann, tambarare ya chumvi isiyolimika. Mvua ni haba na huja kati ya Juni na Septemba. Ndiyo maana watu wa huko wameishi kwa mifugo, chumvi, kazi za mikono na bahari. Wafanyabiashara wa Mandvi na Mundra, bandari za Kachchh, walivuka hadi Unguja na Mombasa, na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilikodi ushuru wa forodha wa Unguja enzi za Sayyid Said. Wakhatri walitoka Sindh, ambayo sasa iko Pakistan, katika karne ya 16 wakakaa Dhamadka kwa ajili ya mto Saran, kwa kuwa ajrakh huoshwa mara nyingi katika maji yanayotembea. Mto ukakauka. Baada ya tetemeko la tarehe 26 Januari 2001, maji ya chini yakazidi chuma, na baadhi ya familia zikahamia mahali papya wakapaita Ajrakhpur.

Chuma kina madhara gani? Kinageuza wekundu kuwa hudhurungi iliyochoka. Ukifuata hatua za kazi utaona kwa nini. Kwanza kitambaa huoshwa kuondoa wanga wa kiwandani, kisha hulowekwa katika mchanganyiko wa samadi ya ngamia, magadi na mafuta ya mbarika, hukamuliwa, huanikwa, hurudishwa tena na tena mpaka kikisuguliwa kitoe povu. Baadaye huchovywa katika unga wa tunda kavu liitwalo harde, lenye utomvu mkali wa kushikisha rangi. Mistari myeupe huchapwa kwa chokaa na gundi ya mgunga, ili isipokee rangi. Nyeusi hutokana na chuma chakavu na sukari guru vilivyochachushwa pamoja kwa takriban wiki tatu, vikafanywa vizito kwa unga wa kokwa za ukwaju. Panapotakiwa kuwa pekundu hupakwa shabu. Kisha kitambaa huingia kwenye pipa la nili, huoshwa, na mwisho huchemshwa katika rangi nyekundu, ambayo hushika penye shabu tu. Hatua ni 14 hadi 16, na kazi huchukua wiki mbili au zaidi. Ikiwa maji yenyewe yana chuma, kila muosho unaharibu kile shabu ilichokitayarisha.

Sasa ukaguzi. Geuza kitambaa: rangi za kuchovya hupenya, hivyo upande wa nyuma unapaswa kuonekana vizuri, na kile kilichochapwa pande zote mbili, ambacho ni ghali zaidi, kitalingana mbele na nyuma. Tafuta maungio ya kibao. Fundi hulinganisha pembe kwa jicho, kwa hiyo kila baada ya kibao kimoja utaona mstari umepishana kidogo, upana wa uzi au nyuzi mbili. Ukipishana kwa upana wa kidole, kazi imefanywa kwa haraka. Usilipe bei ya juu. Mistari myeupe iwe na rangi ya maziwa. Weupe unaong'aa ni dalili ya dawa ya kiwandani.

Kisha inua kitambaa kwenye mwanga uangalie mistari myeusi. Chuma kikiwa kikali mno hula pamba, na utaona nyuzi zimekatika hapo hapo kwenye nyeusi huku sehemu nyingine zikiwa nzima. Hiyo ndiyo kasoro mbaya kuliko zote, kwa sababu haitengenezeki.

Sugua kwa leso nyeupe yenye unyevu. Nili kidogo itatoka, na si kosa. Nyekundu ikitoka kwa wingi, kitambaa hakikuoshwa vya kutosha. Uliza pia kuhusu nyekundu hiyo. Karakana nyingi hutumia alizarini, rangi nyekundu ya kiwandani, juu ya shabu, na inadumu vizuri, lakini isiuzwe kwa bei ya mizizi ya manjistha, mmea unaotoa wekundu wa asili.

Matunzo ni mepesi. Fua kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, peke yake mara chache za mwanzo, na uanike kivulini. Usitumie limau wala siki, kwani asidi inafuta nyeusi. Wala dawa ya kung'arisha, kwani inaua nili. Wenye maji ya kisima yenye kutu watumie ya mvua.

Kitambaa cha mita kimeshafuliwa na kuchemshwa mno, kwa hiyo hakirudi tena kama pamba mpya. Fundi cherehani anaweza kukikata siku hiyo hiyo. Anunue ziada kidogo ya kulinganisha michoro kwenye mishono, na vipande vyote vitoke kwenye pipa moja, maana nili ya wiki hii haifanani na ya wiki ijayo. Oda kubwa iagizwe baada ya masika ya huko kuisha, kuanzia Oktoba. Kati ya Juni na Septemba jua hukosekana, vitambaa havikauki kwa wakati, na karakana inayoahidi kumaliza kwa siku chache msimu huo haitumii njia hii.