Nimesoma The Buffalo Hunter Hunter: mnyonya damu aliyefiwa na watu wake

Kitabu hiki nakipendekeza kwa moyo wote, ila si cha kila mtu, na si cha kusoma juu juu ndani ya taxi-bus. Kimetoka mwaka 2025. Mwandishi ni Stephen Graham Jones, Mmarekani wa kabila la Blackfeet, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, na ni riwaya ya kutisha kwelikweli. Nimeisoma kwa Kiingereza kwenye simu, kwa sababu vitabu vinavyotandazwa chini kando ya barabara hapa Lubumbashi karibu vyote ni vya Kifaransa.

Hadithi inaanza na daftari lililofichwa ndani ya ukuta. Linapatikana mwaka 2012, na anayelisoma ni Etsy, mwalimu wa chuo kikuu, wa uzao wa yule aliyeliandika. Aliyeliandika ni Arthur Beaucarne, pastere wa Kilutheri katika mji mdogo wa Miles City, Montana, mwaka 1912. Pastere huyu ni mzee, mpweke, anapenda sana kula. Siku moja anamwona mgeni ameketi kanisani, Mblackfeet anayeitwa Good Stab. Watu wakishatoka ibadani, mgeni anabaki. Anataka kuungama. Basi anarudi, na anarudi tena, kila mara akiendeleza habari za maisha yake pale alipoziachia, na usiku pastere anaandika yote aliyoyasikia. Wakati huohuo nje ya mji zinaokotwa maiti za watu waliochunwa ngozi, vile wawindaji wa kizungu walivyokuwa wakiwachuna nyati wa nchi ile, ngozi wanabeba, nyama wanaiacha ioze porini.

Chini ya hadithi hiyo ya kubuni kuna jambo lililotokea kweli. Tarehe 23 Januari 1870, kukiwa na baridi kali, askari wa Marekani walioongozwa na meja Eugene Baker waliizunguka kambi ya Blackfeet kando ya mto Marias. Walikuwa wanatafuta kundi la chifu mwingine. Kambi waliyoikuta ilikuwa ya Heavy Runner, na ndani yake watu wengi walikuwa wanaugua ndui. Heavy Runner alitoka na karatasi mkononi, karatasi ya serikali yenyewe iliyoshuhudia kwamba yeye ni mtu wa amani. Walimpiga risasi. Watu karibu 200 waliuawa siku ile, wengi wao wanawake, watoto na wazee, na hakuna askari aliyeadhibiwa. Good Stab anabeba msiba huo, naye ni mnyonya damu, hawezi kufa. Fikiria mtu anayelia watu wake miaka zaidi ya 40, mwili wake hauzeeki, na nyati waliowalisha watu wake wanamalizika mbele ya macho yake.

Kilichonishika zaidi ni sheria ya damu aliyoiweka mwandishi. Good Stab anageuka kuwa kile anachokunywa. Akinywa damu ya wanyama, mwili unaanza kufuata mnyama. Akinywa ya wazungu kwa muda mrefu, anaanza kufanana nao. Akitaka kubaki Mblackfeet, lazima anywe damu ya Blackfeet. Soma tena sentensi hiyo. Anaishi kwa ajili ya kuwalipizia kisasi watu wake, na hao hao ndio chakula chake. Ilibidi niweke simu chini, nitoke uani nipate hewa.

Kwetu sisi tulifiwa na kaka yangu, aliuawa usiku akirudi nyumbani. Matanga yalikuwa bado hayajavunjwa, vijana wa avenue wakaja na jina la mtu waliyemshuku, mtoto wa jirani, na petroli ilikwishanunuliwa. Mama alikuwa amelala chini kwenye mkeka. Aliinuka akaenda kusimama mlangoni kwa yule jirani, kitambaa cha kilio kichwani, bila kusema neno, mpaka wale vijana wakarudi. Nilipofika kwenye zile kurasa za Good Stab akiwaendea watu wake kwa njaa, nilimwona mama mlangoni pale. Sijawahi kusoma riwaya iliyoeleza hivi jinsi uchungu wa kufiwa unavyoanza kula ndani ya nyumba yake wenyewe.

Msomaji wa Lubumbashi hatakuwa mgeni na wanyonya damu. Nkambo wangu, aliyekulia kwenye kamp ya Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji, alikuwa akituhadithia habari za batumbula, wale waliosemekana kukamata wapita njia usiku kwa niaba ya wazungu, na mtu haonekani tena. Pwani wana mumiani wao, hadithi zinafanana. Nkambo hakuwa anachekesha watoto. Alikuwa anasema namna mji huu ulivyokula watu. Ni mji huu huu, ukiitwa bado Élisabethville, ambapo tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma wakidai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi kwenye uwanja wa mpira, na Léonard Mpoyi, msemaji wao, akafa pale pamoja nao. Kwa hiyo nilipomwona Heavy Runner na karatasi yake, sikuhitaji kueleweshwa. Jones anafanya kazi ile ile ya nkambo: jambo ambalo ripoti ya serikali imelipitia haraka, analitia meno na njaa, nawe huwezi kulisahau.

Pastere naye ameandikwa vizuri ajabu. Mwanzoni unamwonea huruma, mzee wa watu na keki zake anazoletewa na waumini. Halafu taratibu unaanza kujiuliza kwa nini Good Stab amemchagua yeye, kati ya mapastere wote, kumwungamia. Zaidi ya hapo sisemi. Nawe usiende kutafuta muhtasari kwenye intaneti kabla ya kumaliza, utajinyima kitu kikubwa.

Sasa matatizo. Kurasa za mwanzo, kama mia hivi, ni nzito. Pastere anaandika Kiingereza cha zamani chenye sentensi ndefu zinazojizungusha, na Good Stab anawaita wanyama kwa majina ya kwao, nyati ni wenye pembe nyeusi, na hakuna anayekueleza. Vumilia tu, sikio linazoea. Kinachonisumbua zaidi ni sehemu ya Etsy mwishoni. Baada ya sauti mbili zenye uzito ule, yake inasikika nyepesi, na mambo yanayotokea kule yana kelele kuliko uchungu. Ningeikata nusu. Na damu ni nyingi: kuna kuchuna, kuna watoto wanaokufa, kuna njaa iliyoelezwa mpaka unaisikia tumboni. Mtu aliyefiwa juzi asubiri kwanza. Mimi nilisubiri mpaka mwaka ukapita, na hata hivyo kuna usiku nililala taa ikiwaka.

Walimu wenzangu wa Kiingereza, msiwape wanafunzi kitabu chote, kina kurasa zaidi ya 400 na watakikimbia. Chukueni ungamo moja la Good Stab, lile la ndama mweupe wa nyati anayemlinda huko milimani. Ni sehemu pekee ambapo mikono yake inafanya kazi nyingine zaidi ya kuua, na Kiingereza chake pale ni rahisi, kinasomeka kwa sauti darasani.