Kioo cha boti kilichopasuka: fundi wa Kibirizi nampa nyota nne

Boti yangu ni ya faiba, ina kibanda chenye vioo vitatu, na kazi yake ni kupeleka watu Gombe na kuwarudisha Kigoma. Mwezi wa saba, upepo wa kusini ukiwa umechachamaa, niliona ufa kwenye kioo cha ubavu wa kulia. Ulianzia kwenye tundu la skrubu, mwembamba kama unywele. Baada ya wiki ulikuwa umevuka hadi ukingo wa pili, na wimbi likipiga, abiria wa upande ule wanalowa mapaja.

Nilianza kwa ubahili. Fundi wa madirisha ya nyumba alinipakia silikoni juu ya ufa, akachukua elfu kumi na tano, na safari ya kwanza tu ikabanduka kama ganda la yai lililochemshwa. Ndipo wenzangu wa mwaloni wakanielekeza kwa fundi wa boti pale Kibirizi. Alikitazama, akauliza, "Kaka, unataka kiwekwe leo au unataka kikae?" Nikasema kikae. "Basi niachie siku tatu."

Zilikuwa tano. Nyota moja imeondoka hapo.

Lakini kazi ya kutoa kioo ndiyo iliyonifanya niandike. Mimi ningechukua patasi na nyundo, na faiba ingemeguka. Yeye alifungua skrubu zote kumi na nne, nne zikiwa na kutu hadi akazilowesha mafuta usiku kucha, kisha akatoa uzi wa nailoni wa kuvulia. Akauviringisha kwenye vijiti viwili, akaupenyeza nyuma ya kioo kwenye kona, akaanza kuvuta huku na huku kama anayekata sabuni ya mche. Silikoni ikakatika taratibu, kioo kikatoka kizima na ufa wake. Mabaki akayakwangua kwa kipande cha jerikeni, maana silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani. Kukwangua peke yake kulikula nusu siku.

Nilitaka kioo cha kawaida kwa sababu bei yake ni rahisi. Alikataa katakata: boti inajipinda kwenye mawimbi, na kioo cha nyumba kikivunjika ni visu mbele ya uso wa abiria. Tukanunua akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, ya milimita 6 kwa watengeneza mabango kule Mwanga, hapahapa mjini Kigoma. Cha zamani akakifanya kigezo, akachora, akakata kipya kikiwa kidogo kuliko nafasi yake kwa milimita tatu kila upande. Matundu nayo akayatoboa mapana kuliko skrubu, drili ikizunguka polepole, ubao ukiwa chini. Jua la hapa linatanua plastiki, na ikikosa pa kwenda inapasukia kwenye tundu. Ufa wangu ulianzia hapohapo: aliyefunga mwanzo alikaza skrubu mpaka mwisho.

Yeye alizikaza nusu tu, silikoni ikajitokeza pembeni, akaiacha ishike. Kesho yake ndipo akamalizia kwa mkono, na bado akaacha mto mzuri wa silikoni katikati. Kijana wangu alitaka kufuta alama za vidole kwa petroli, fundi akamnyang'anya kitambaa. Petroli, thina na spiriti vinaifanya akriliki iote nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Maji na sabuni, basi.

Vyote vilinitoa laki moja na themanini, zaidi ya nusu ni akriliki. Lalamiko jingine: alikwaruza rangi ya kibanda karibu na kona na akajifanya hajaona.

Mvua ya Oktoba ilinikuta karibu na kijiji cha Mwamgongo, ikipiga kwa ubavu. Nilipitisha kidole chini ya kioo mara tatu. Kikavu. Vioo viwili vilivyobaki vina skrubu zilizokazwa vilevile, na nimeshamwambia aje avifanyie kazi navyo kabla havijaniita vyenyewe.