Jeli ya mende: nyota nne kutoka Tabata

Hii jeli ya mende inayokuja kwenye bomba la sindano nimeinunua Kariakoo, na naipa nyota nne. Kwetu Tabata njia ni ya vumbi, na mvua za masika zikishakatika mama mkwe anaamka na chafya, macho yanamwasha. Wote tunalaumu vumbi. Lakini kinyesi cha mende na magamba wanayojivua navyo vinaamsha aleji na pumu. Dawa ya kopo ya kupuliza ilikuwa inambana mama mkwe kifua, halafu mayai inayaacha salama, na kifuko kimoja cha wale mende wadogo wa kahawia kinabeba mayai 30 hadi 40.

Jeli hii sijaisikia harufu. Unadondosha vitone vidogo kwenye bawaba za kabati, nyuma ya friji, chini ya sinki, mbali na mikono ya watoto. Mende anakula, anarudi kufia mafichoni, na wenzake wakila mzoga nao wamekwisha. Usipulize dawa nyingine karibu, watakikimbia chambo. Asubuhi mizoga naizoa kwa kitambaa kibichi, maana ufagio mkavu unarusha uchafu wao hewani na mama mkwe anaanza upya.

Nyota moja nimeikata kwa sababu maelezo yote ni ya Kichina, na sisimizi wanaipita kama hawaioni. Bei, muuzaji alianzia elfu tano. Bisha kidogo, tatu na nusu anatoa.