Koleo la SN-28B na boksi lake la vichwa: koleo lichukue, vichwa vichague

Seti hii huuzwa mtandaoni na katika maduka ya vifaa vya elektroniki: koleo moja la kubania, pamoja na boksi la vichwa (vipande vidogo vya metali vinavyobanwa kwenye ncha za waya) na makasha meusi ya plastiki ya kuvivisha, ya mtindo wa Dupont, yale yenye milimita 2.54 kati ya pini na pini. Maboksi ya vipande 620 ndiyo ya kawaida. Ukiagiza kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, mzigo unaweza kupandishwa basi la usiku ukaupokea Mombasa asubuhi. Kwa anayeunda roboti, koleo lina thamani kuliko boksi zima.

SN-28B hupokea waya wa AWG 28 hadi AWG 18 (AWG ni kipimo cha unene wa waya: namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba), na halifunguki mpaka limalize kubana. Hilo ndilo huzuia mbano nusu, ambao leo unapitisha umeme na kesho mkono wa roboti unatetemeka ovyo. Udhaifu wake uko kwenye taya. Ni pana, kwa hiyo kichwa cha kike kikiingizwa chote, kile kijumba cha mbele hupondwa na pini haiingii tena. Kiache kijumba nje ya taya. Mabawa, yaani zile ncha za kichwa zinazokunjwa kuushika waya, yaelekee upande wa pengo lenye umbo la W, kisha bana kidogo tu hadi kichwa kishikwe. Menya waya milimita 2 hadi 2.5, si zaidi, uuingize mpaka ganda liishie katikati ya jozi mbili za mabawa: jozi ya mbele ishike shaba, ya nyuma ishike ganda. Ndipo umalizie. Kwa AWG 26 tumia pengo dogo. Kwa AWG 22, ukiona mabawa yamekata ganda, hamia pengo kubwa zaidi.

Usiongeze risasi ya kulehemu juu ya mbano. Risasi hupanda ndani ya nyuzi, waya unakuwa mgumu, na unapopindwa unakatikia pale pale ugumu unapoishia. Mbano mzuri haudai nyongeza. Kuupima ni rahisi: waya wa AWG 26 ubebe pakiti ya sukari ya kilo 1 bila kuchomoka, na AWG 22 ubebe unga wa kilo 2. Ukichomoka, kikate hicho kichwa na uanze upya; kukibana mara ya pili hakukiponyi.

Sasa vichwa vya boksini. Vingi ni vya shaba ya njano vilivyopakwa bati jembamba, na mabawa yake ni mepesi. Juu ya meza ya majaribio havina neno. Lakini hewa ya mwambao ina chumvi na unyevu, na roboti hutikisika. Mtikisiko mdogo usiokoma huikwangua bati, metali iliyobaki wazi inapata kutu, na ishara inaanza kukatika hapa na pale. Kwa kihisi kitakachofungwa kwa kudumu, tafuta vichwa vilivyopakwa dhahabu, na pini za upande wa pili ziwe za dhahabu vilevile, kwani dhahabu na bati zikikutana kutu huharakishwa. Akiba yote ikae ndani ya chupa ya kufunga, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Waya nao una udanganyifu wake. Kwangua ncha kwa wembe: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyovikwa shaba, nayo hukatika upesi ikikunjwa. Sumaku ikivuta, ndani mna chuma. Waya wa intaneti wa kupitishwa ukutani ni wa uzi mmoja mgumu, haufai kwa kiungo kinachocheza. Ule mfupi wa kuunganisha kompyuta na ruta ndio kwa kawaida huwa wa nyuzi nyingi, nao unafaa kwa ishara.

Umeme wa mota ni suala jingine. Servo (mota ya kugeuza kiungo hadi pembe unayoitaka) ya MG996R ikikwama huvuta takriban ampea 2.5. Waya wa AWG 26 una omu 0.134 kwa mita, kwa hiyo kwa kebo ya mita moja, kwenda na kurudi, unapoteza kama volti 0.67. Volti 5 zinakuwa 4.3, na kama bodi inayoongoza roboti inakula kutoka waya huohuo, inaweza kujiwasha upya. Tumia AWG 22 kwa chanya na hasi. AWG 26 ibaki ya ishara. Mpangilio wa servo ni mwema: chanya iko katikati, hivyo plagi ikigeuzwa kwa kawaida haiunguzi kitu. Vihisi vingi havina bahati hiyo, na makasha ya Dupont hayana kizuizi wala kufuli.

Ndiyo maana kwa kebo ya kudumu plagi ya aina ya JST XH inastahili gharama. Nafasi kati ya pini zake ni milimita 2.5, inabeba ampea 3 kwa waya wa AWG 22, na haiingii kinyume. Ukikosa vichwa vyake, tafuta kebo za kusawazishia chaji ya betri za LiPo (za lithiamu): ya seli 2 ina plagi ya XH ya pini 3, ya seli 3 ina ya pini 4, zimebanwa kiwandani tayari. Rangi zake usiziamini. Pima kila waya kwa multimita kabla ya kuwasha. SN-28B inaweza kubana XH, ila mabawa ya ganda hutoka yamepinda. Mwenye kutengeneza nyingi anunue koleo la Engineer PA-09 la Japani, ghali zaidi, linalobana shaba na ganda kwa zamu mbili.

Kebo za I2C (njia ya kuunganisha vihisi na bodi kwa waya mbili za ishara, SDA ya data na SCL ya mapigo) zisizidi nusu mita. Sokota SDA na hasi, SCL na hasi ya pili, usizisokote zenyewe kwa zenyewe.