Uzoefu wangu: Kuufuata Mto Darling kwa gari, kutoka Bourke hadi Wentworth

Tangu turudi, ndugu wengi wa huku Sydney wananiuliza kama ile njia ya Darling River Run, inayoufuata Mto Darling huku Australia, inafaa kwa familia. Inafaa sana, na ningeipa nyota tano kama isingekuwa gari tulilokodi. Lakini ifuate kwa ajili ya mto na watu wake. Anayetaka milima na mandhari ya kubadilika kila kona atachoka mapema, maana huko ni tambarare, udongo mwekundu na vichaka kwa saa nzima, halafu ghafla unaiona mistari ya miti mikubwa ya mikalitusi, ukajua mto upo pale.

Kutoka Sydney hadi Bourke ni zaidi ya kilomita 700, zote za lami. Tulikuwa mimi, mke wangu na shemeji, ambaye ndiye aliyeshika usukani sehemu kubwa ya njia. Watu wengi hulala Bourke usiku mmoja tu, wakajaza mafuta na kuondoka. Mimi nasema kaa. Nenda makaburini. Ndani ya makaburi ya mji kuna msikiti mdogo wa mabati, mdogo kiasi kwamba watu wachache tu wakisimama safu umejaa, na pembeni yake makaburi ya wachunga ngamia waliokuja karne ya 19 kutoka Afghanistan na nchi za jirani. Ngamia wao walibeba sufu na vyakula ambako mikokoteni ilishindwa, na meli za mvuke zikaipokea sufu hiyo mtoni. Tulisimama pale tukawasomea Fatiha. Makaburi hayohayo ndiyo aliyozikwa Fred Hollows, yule daktari wa macho aliyefariki mwaka 1993. Taasisi yenye jina lake inafanya kazi hadi Kenya, Rwanda na Burundi, kwa hiyo huenda kuna bibi yako aliyerudishiwa macho kwa juhudi zilizoanzishwa na mtu aliyelala hapo Bourke.

Baada ya Bourke, kuelekea Louth, Tilpa na Wilcannia, barabara ni ya vumbi kwa sehemu kubwa. Ikikauka inapitika vizuri. Ikinyesha, udongo wake unageuka utelezi unaonata kwenye magurudumu na barabara inafungwa, na ukiingia kwenye barabara iliyofungwa unapigwa faini nzito. Angalia taarifa za barabara kila asubuhi kabla hujakunja hema. Usiendeshe jua likishazama: kangaruu wanatoka vichakani bila hodi, na emu, yule ndege mkubwa asiyeruka, naye akianza kukimbia sambamba na gari hujui atakata upande gani. Mtandao wa simu unapotea ukitoka tu mjini, kwa hiyo shusha ramani mapema na ubebe maji ya kunywa ya kutosha.

Sasa gari. Kampuni iliyotukodisha ilituhakikishia kwamba kila kitu kimekaguliwa. Tulipopata pancha kabla ya Tilpa, tairi la akiba lilikuwa limepungua upepo hadi linabonyea kwa kidole, na pampu waliyotuwekea haikuwaka kabisa. Mfugaji mmoja aliyepita na pikapu yake alisimama bila hata kupungiwa mkono, akajaza upepo kwa pampu yake, akakataa pesa. Kwa hiyo, kabla hujasaini, mwambie mwenye gari ashushe tairi la akiba mbele yako, awashe pampu, atoe jeki. Soma pia mkataba: magari mengi ya kawaida ya kukodi hayaruhusiwi kugusa barabara ya vumbi, na bima inakufa hapohapo.

Tilpa ni kijiji cha nyumba chache na baa ya mabati. Unachangia fedha kidogo kwa huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege, iliyoanza mwaka 1928, kisha unaandika jina lako ukutani. Tuliandika yetu, na la marehemu baba mkwe.

Wilcannia niitetee. Utaambiwa upite bila kusimama. Usisikilize. Miaka ya 1880 mji huu ulikuwa bandari kubwa ya ndani ya nchi, na majengo yake ya mawe bado yapo, pamoja na daraja la mwaka 1896 lililokuwa likiinuliwa meli zipite. Wakazi wengi ni Wabarkandji, wenyeji wa mto huu ambao wao huuita Baaka. Mwaka 2015 mahakama iliwatambulia haki zao za asili juu ya ardhi hiyo. Karibu na daraja tulimkuta mzee akivua kwa mshipi wa mkono. Akavuta carp, samaki wa kigeni aliyeujaza mto, akamtupa ukingoni na kurudisha chambo majini bila neno. Shemeji akamwamkia, wakaanza kuzungumza habari za uvuvi. Mzee akasema yeye anamtaka yellowbelly, samaki wa kwao, na kwamba maji yakizuiliwa huko juu kwa mashamba, huku chini wanabaki na madimbwi.

Maneno yake yalitufuata hadi Menindee. Hapo ndipo mamilioni ya samaki walikufa mwezi Machi 2023 kwa kukosa oksijeni majini, na miaka michache nyuma, kiangazi cha kuamkia 2019, vilikuwa vimetokea vifo vingine vingi vya samaki. Tulipofika maji yalikuwa mengi na ndege aina ya mwari wamejaa maziwani, ila wakazi bado wanavisimulia vifo hivyo kwa uchungu, na mimi kama mtoto wa Pangani niliuelewa uchungu huo.

Kambi za hifadhi ya Kinchega, jirani na Menindee, ndizo bora kuliko zote tulizolala. Weka nafasi mtandaoni, nenda na kuni zako kwa sababu kuokota hifadhini ni marufuku, na usipige hema chini ya mikalitusi ile mikubwa, matawi yake huanguka hata pasipo upepo. Banda la kunyolea kondoo la mwaka 1875 usilikose. Kondoo milioni sita walinyolewa humo hadi 1967. Julai usiku ni baridi kali, na kiangazi joto linapita nyuzi 40, kwa hiyo Aprili, Mei, Agosti na Septemba ndiyo miezi yangu.

Kabla ya kufika Wentworth, ambako Darling inaingia mto Murray, chepukeni hadi hifadhi ya Mungo. Ni urithi wa dunia tangu 1981, na mabaki ya watu yaliyopatikana huko yana miaka kama 40,000. Kwenye vilima vya mchanga huruhusiwi kuzunguka peke yako zaidi ya njia ya mbao, hivyo lipia matembezi na kiongozi mwenyeji. Wakati wa likizo za shule nafasi zinajaa haraka. Piga simu kabla hata ya kukodi gari.