Kujifunza kutelezesha gari (drifti) kwa Toyota Mark II, Arusha: moramu au lami?

Kwa Mark II GX110 inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, mimi nasema anza na moramu iliyolowa, tena kwenye uwanja ulioruhusiwa, kamwe si barabarani. Kilomita 30 kwa saa zinatosha. Kata kona, kanyaga mafuta. Mkia ukitoka kulia, geuza usukani kulia, halafu punguza mafuta taratibu. Usiachie ghafla! Hapo unapata muda wa kuhisi gari inafanya nini, na matairi yanadumu.

Lami kavu inafundisha usahihi zaidi, hilo sibishi. Ila injini ya cc 2000 inahangaika kuvunja mshiko wa matairi, na difu ya kawaida (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma) huzungusha bure tairi la ndani. Matairi yakishika tena kwa ghafla, gari inarushwa upande wa pili.